Dirisha la Nne la Kokwijuka

Haya niliyasikia kwa Placidia mwenyewe, mke wa fundi Melkiory, mwezi wa saba mwaka 1991, tulipokuwa tunamenya ndizi za harusi ya binti wa Kokuberwa kule Nyabiyonza. Tulikuwa wanawake tisa uani, lakini yeye alikaa ubavuni kwangu akawa anasema kwa sauti ya chini, kisu chake kikienda. Kila alipofika mahali pa aibu alichagua ndizi nene ili aimenye taratibu. Sikumharakisha. Mikungu ilikuwa mingi.

Mwaka 1987 pale senta ya Ihanda, kando ya barabara, Kokwijuka alimaliza kujenga nyumba ya ghorofa. Kokwijuka alikuwa mjane, binti zake wote wameolewa. Aliuza ng'ombe na kipande cha kibanja, akasema hataki kuzeekea kwenye migomba akigombana na nyani, anataka nyumba ya kupangisha. Chini milango minne ya maduka, juu vyumba vitatu vya wapangaji, walimu na wauguzi, na cha nne chake mwenyewe. Kabla ya hapo Ihanda hapakuwa na nyumba ambayo mtu analala juu ya kichwa cha mwenzake. Watu walitoka mpaka Mabira kwa baiskeli kuja kuiangalia tu. Wanaegemea baiskeli, wanaangalia, wanapanda wanaondoka.

Aliyeijenga ni Melkiory. Naye Placidia alikuwa na meza yake ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha Fidele, fundi cherehani, akiuza ndizi mbivu, karanga na kahawa ya kutafuna. Kuanzia msingi mpaka bati, nyumba ile ilikuwa mbele ya macho yake kutwa nzima. Aliniambia, "Mama, nyumba ile naijua kuliko anayelala ndani."

Na kweli aliijua. Alinitajia uso wote wa nyumba pale tulipokaa, bila kukosa kitu. Chini, rangi ya mafuta nyekundu ya giza mpaka kiunoni, kwa ajili ya tope linaloruka magari yakipita, na kutoka hapo kwenda juu rangi ya maziwa. Milango minne ya mbao, nafasi sawasawa. Mbele ya milango nguzo tatu za mviringo, nene kama mapipa, zimebeba baraza ya juu. Baraza ile ilitokeza mbele hatua mbili nzima, imezungushiwa ukingo wa matofali yenye matundu ya maua, kiasi kwamba mtu aliyesimama juu haoni milango ya chini hata akiinama. Nyuma ya ukingo, madirisha manne. Upande wa kulia, ngazi ya nje. Na juu kabisa, chini ya bati, mwaka umeandikwa kwa saruji.

Mwanzoni alijivunia. Mtu akisimama pale mezani akasema nyumba imekaa vizuri, yeye anamwongezea karanga kidogo. Alikuwa anasema "nyumba yetu" bila kujitambua. Hata Fidele alimtania, "Shemeji, na kodi utakuwa unakusanya wewe?"

Ilibadilika mwezi wa tano, siku dirisha la nne lilipovikwa kofia.

Madirisha matatu ya kwanza yalikuwa madirisha tu: mraba, fremu, kioo, basi. La nne, la chumba cha Kokwijuka, lilikuwa pana kuliko yote. Na sasa Melkiory akaliwekea juu kofia ya saruji iliyopinda kama wimbi, na kuzunguka fremu akalichorea mikunjo miwili, na kwenye pembe za chini ua moja kila upande. Kisha akalizungushia rangi ya bluu, rangi ambayo haikuwa mahali pengine popote kwenye uso ule. Alikaa juu ya jukwaa siku sita kwa dirisha hilo moja. Ukuta mzima wa chini ulikuwa umemchukua siku nne.

Placidia alihesabu siku hizo. Alikuwa anakaanga karanga na kuhesabu.

"Dirisha lile lina nyusi," Fidele akasema, akiwa anatia uzi kwenye sindano. "Mengine yamelala, lile limeamka."

"Nyusi za nani?" Placidia akauliza.

"Mimi nashona nguo, shemeji. Habari za nyusi muulize mwenye mwiko."

"Na hiyo bluu ameitoa wapi?"

"Si bluu ya vitenge vya kwaya yenu? Kokwijuka si anaimba?"

"Na mimi naimba."

"Basi labda dirisha ni lako," Fidele akasema, akakanyaga cherehani.

Alitania kama anavyotania kila siku, lakini kuanzia hapo Placidia hakuweza kuiangalia nyumba ile bila kutafuta kitu. Na aliyetafuta alipata. Alikumbuka kwamba ngazi ya nje inaishia upande wa dirisha la nne. Ngazi ilikuwepo tangu mwanzo, kabla ya kofia, lakini aliihesabu. Aliona kwamba mikunjo ya fremu haikupigwa kwa mwiko, imelainishwa kwa kidole gumba kilichofungwa gunia, maana anajua kazi ya kidole kile, ndicho kilichotengeneza kingo za mafiga yake. Aliona pia kwamba nafasi kati ya dirisha la tatu na la nne si sawa na nafasi nyingine, akaamua kuwa Melkiory alitaka chumba kile kikae mbali na wapangaji. Kila alichokiona juu ya ukuta kilimwambia neno lilelile.

Kokwijuka mwenyewe alikuja mezani kama siku zote. Mwanamke mrefu, mpole, anayejifunga kanga vizuri hata akienda kisimani.

"Mama Yustus, habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

"Ndizi zako leo zimeiva vizuri."

"Zimeiva, ndiyo. Na nyumba yako nayo imeiva."

Kokwijuka akacheka, akageuka kuiangalia, na macho yake yakapanda moja kwa moja mpaka dirisha la nne, yakakaa hapo, halafu yakashuka haraka. Placidia aliyaona yakishuka. Akamfungia ndizi zake bila kuongeza hata moja.

Jioni nyumbani alijaribu kuuliza. Melkiory alikuwa mtu wa maneno machache, lakini juu ya kazi alikuwa anasema, tena kwa raha: tofali hili bovu, mchanga huu una udongo. Miezi ile alikuwa haleti habari yoyote. Anakula, ananawa, anakaa na kuangalia mikono yake.

"Baba Yustus, dirisha lile la mwisho, nani alilitaka liwe vile?"

"Dirisha ni dirisha."

"Mengine matatu hayana kofia. Mvua haiyanyeshei?"

Akasukuma sahani. "Mke wangu, uza karanga zako. Saruji niachie mimi."

Katika miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kumwambia hivyo. Placidia aliinua sahani, akaona amebakiza nusu ya maharage. Kwake hiyo ikawa hesabu nyingine.

Sasa ikafika siku ya kutaha, ndiyo kuingia nyumba mpya, mwezi wa nane. Pale Ihanda siku hizo mambo yalikwenda hivi. Shangazi wa mwenye nyumba anabeba moto kutoka jiko la zamani, unaingizwa ndani na chungu kinabandikwa. Lakini kabla ya moto kuingia, fundi anasimama mbele ya nyumba, watu wote nyuma yake, anaitaja. Anataja alichojenga kimoja kimoja, mlango huu, nguzo hii, na mtu yeyote aliyepo anaweza kumuuliza, naye lazima ajibu. Akimaliza, anapewa kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe ya ndizi, na kidari cha mbuzi, na kuanzia hapo nyumba si yake tena. Fundi asiyeitaja nyumba hajaikabidhi.

Watu walikuwa wengi. Mbele walikaa wazee, na mmoja wao alikuwa mzee Rwegoshora wa Nyabiyonza, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa inatafuta fundi wa kujenga nyumba za walimu, nyumba sita kwa mpigo. Kila mtu alijua amekuja kumwangalia Melkiory. Placidia alijua zaidi ya wote. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya, cha bluu, na kabla hajatoka nyumbani alikitazama akataka kukivua, kisha akakivaa.

Melkiory akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alitaja msingi, mawe yalitoka wapi. Alitaja mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Alitaja nguzo, nondo ngapi kila moja, na watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Rwegoshora akauliza habari za bati, akajibiwa, akaitikia kwa kichwa. Fundi akapanda juu kwa maneno: baraza, ukingo, dirisha la kwanza, la pili, la tatu.

"Na la nne," akasema, kama mtu anayeruka dimbwi. "Na ngazi, vidato kumi na saba—"

"Ngoja," Placidia akasema.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimamaje. Watu wakageuka.

"Baba Yustus, umepita haraka. Hilo la nne mbona lina kofia, na mengine hayana? Hukusema."

Wengine wakacheka kidogo, maana mke kumuuliza mume ilikuwa kama mchezo. Melkiory hakucheka. Alisimama na mkono wake bado umenyooshwa kuelekea ngazi.

"Ameuliza vizuri," mzee Rwegoshora akasema. "Fundi, tueleze. Na upana pia. Naona ni pana."

Melkiory akashusha mkono, akaliangalia dirisha. Placidia aliniambia kwamba wakati ule aliomba aseme chochote, hata uongo. Aseme saruji ilibaki, aseme alikuwa anajaribu. Lakini aliyejibu ni Kokwijuka, pale alipokaa na shangazi yake kando ya moto.

"Nililitaka mimi," Kokwijuka akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke."

"Ulilitaka dirisha," Placidia akasema, "au ulimtaka yeye?"

Hapo hakucheka mtu. Shangazi aliweka chini kigae cha moto. Fidele, aliyekuwa amesimama nyuma na futi yake shingoni, aliangalia viatu vyake. Kokwijuka aliinuka nusu, akakaa tena, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemwagiwa maji akiwa kanisani.

"Mama Yustus," Melkiory akasema, "kaa."

"Sikai. Fundi lazima amjibu anayeuliza. Jibu."

Akamwangalia mke wake muda mrefu. Kisha akamwangalia mjane. Halafu akageuka kwa wazee akavua kofia yake.

"Fidele," akasema, "niazime hiyo futi. Na mtu apande juu adondoshe uzi wenye jiwe, katikati ya dirisha la tatu, mpaka chini kwenye mlango."

Kijana mmoja wa dukani akapanda. Uzi ukashuka mbele ya ukingo, jiwe likaning'inia. Ndipo watu walipoona. Ukitazama kutoka mbele, jiwe halikuwa katikati ya mlango wa tatu. Lilikuwa usawa wa mwimo, shubiri nzima upande wa kushoto.

"La kwanza limesogea vidole viwili," Melkiory akasema. "La pili, kiganja. La tatu ndiyo hiyo shubiri. La nne liko mahali pake. Nimeacha pengo baina ya la tatu na la nne, kama jino lililong'oka, na sikuwa na namna ya kuliziba isipokuwa kulitanua dirisha upande huo na kulipamba, ili mtu akiangalia aone urembo asione pengo. Hiyo ndiyo kofia."

"Ilikuwaje?" mzee Rwegoshora akauliza.

"Kamba, mzee. Uzi wangu wa nailoni ulikatika, na madukani haukuwepo. Nikasokota kamba ya mgomba, kama baba zetu walivyopimia msonge, nikaifunga mafundo, kila fundo mlango. Chini nilipima kiangazi, kamba kavu, ikawa sawa. Juu nikapima masika. Kamba ilikuwa imelala nje, imelowa, imenywea ikawa fupi. Nikatia alama tatu kwa kamba fupi, tukajenga. Baraza imetokeza, kutoka juu hatuoni milango. Wiki ya pili jua likawaka, nikapima la nne kwa kamba ileile imekauka. Ndipo nikaona."

Alisema yote hayo bila kuinua sauti. Na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuuangalia uso wa nyumba ile kama zamani. Ukiisha kuona madirisha yamekimbia milango yake, huoni kingine. Watu waliinua shingo, wakafumba jicho moja, wakaoneshana kwa vidole. Mzee mmoja alisema hata yeye angeweza kuona tangu mwanzo ila hakutaka kusema.

Moto ukaingizwa. Melkiory akapewa kibuyu chake, na watu wakasema "kasinge", kumpongeza, lakini ilikuwa kasinge ya mdomoni. Mzee Rwegoshora alikunywa funda moja, akashukuru, akaomba baiskeli yake. Nyumba za walimu zilijengwa na fundi mwingine aliyetoka Omurushaka.

Placidia aliniambia, na hapo alikuwa ameshika ndizi moja muda mrefu bila kuimenya, kwamba kitu cha kwanza alichosikia moyoni ilikuwa furaha. Amemwangusha mume wake mbele ya Ihanda nzima, amempotezea kazi ya mwaka, na yeye anataka kucheka kwa sababu dirisha lilikuwa kosa tu. Kosa la kamba. Alishika kona ya kitenge akaiweka mdomoni asije akaonekana.

Furaha hiyo ilimsindikiza mpaka nusu ya njia ya kurudi. Walikuwa wanatembea, Melkiory mbele, hawakungoja hata nyama. Walipofika penye daraja la magogo Placidia akasimama.

"Baba Yustus. Yeye alijuaje?"

"Nani?"

"Kokwijuka. Alisema yeye ndiye aliyekuambia uweke kofia. Alijuaje kama kuna pengo?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Siku ileile. Nyumba ni yake, nisimwambie?"

"Ilikuwa masika."

"Mwezi wa nne."

"Na sasa ni wa nane." Placidia akahesabu kwa vidole ingawa hakukuwa na haja. "Miezi minne mnalijua nyinyi wawili. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara naangalia kama mjinga, na nyinyi mnalijua."

"Ungefanyaje kama ningekuambia?"

"Ningekuambia ubomoe."

"Ndiyo hivyo," Melkiory akasema, akavuka daraja.

Yote aliyoyawaza kabla ya hapo, aliniambia, hayakumuuma kama haya. Kama Melkiory angekuwa amelala na yule mjane, yeye Placidia angejua la kufanya. Angekwenda kwa wazazi wake, wangekaa kikao, lingesemwa lingekwisha. Lakini hili utalipeleka kikao gani? Mume wako alikosea kazi, akapata uchungu, akaupeleka kwa mwanamke mwingine, na mwanamke yule akamwambia weka urembo hapo watu wasione. Wakaangalia pamoja dirisha lile kila siku. Kila walipoonana barabarani walikuwa na neno lao. Kumbe yale macho yaliyopanda na kushuka haraka hakuyasoma vibaya. Alikosea jina tu la kilichomo.

Jua lilikuwa linazama na wingu limefunga upande wa Rwanda waliposikia hodi nyumbani kwao. Alikuwa Kokwijuka. Amebeba kidari cha mbuzi kwenye jani la mgomba.

"Fundi ameondoka bila kidari chake," akasema. "Mbele ya moto wangu siwezi kulala na deni la namna hiyo."

Placidia angeweza kukipokea mlangoni. Lakini mgeni akija na nyama ni lazima ale nyama hiyo, kwa hiyo akamkaribisha, akachochea moto, akabandika. Melkiory alikuwa kibarazani, hakuingia. Wanawake wawili wakakaa jikoni, moshi kati yao, na kwa muda mrefu kilichosemwa ni habari za chumvi.

"Umenitukana mbele ya shangazi yangu," Kokwijuka akasema hatimaye, kwa upole uleule.

"Nimekutukana."

"Sikuja kuombwa radhi. Nasema tu ujue kwamba niliumia."

"Nisamehe."

"Nimesamehe."

Placidia akageuza nyama. "Nina swali moja. Siku alipokuja kukuambia, alisemaje?"

"Alisema kama alivyosema leo. Kamba, mvua."

"Leo alisema kwa wazee. Kwako alisemaje?"

"Mama Yustus, la nini hilo?"

"Nataka kujua."

Mjane akauangalia moto. "Alikaa kwenye ngazi, kidato cha tatu, akaanza kusema, ikamshinda. Akalia. Mimi nikageuka nikaangalia barabara mpaka akamaliza. Kisha nikasema, basi weka kitu kizuri hapo. Sikujua la kusema zaidi. Mwanaume mzima analia, utasema nini?"

Placidia alikuwa hajawahi kuona machozi ya Melkiory. Alizika baba yake bila kulia, na walipozika mtoto wao wa pili alisimama kama mti. Alikuwa anaamini kwamba hana. Sasa anaambiwa kwamba anayo, na kwamba aliyapeleka kwenye ngazi ya nyumba ya watu.

"Aliniambia anakuogopa wewe," Kokwijuka akaongeza. "Alisema, mke wangu anaisifia kazi ile kwa kila mpita njia, nitamwambiaje."

Placidia akaipua chungu. Akapakua. Akampa mgeni sehemu nzuri ya kidari, kwa mkono uliotaka kumpa mfupa.

Walikuwa bado wanakula mvua ikashuka. Haikuwa msimu wake, ilikuja na upepo, ikapiga bati mpaka wakawa hawasikilizani. Kurudi senta kwa njia ile ya mteremko hakukuwezekana. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja. Melkiory akatandika mkeka sebuleni, na Placidia akajikuta amelala kitandani kwake, na mbele yake mgongo wa Kokwijuka, chini ya blanketi moja.

Kokwijuka alisema sala yake, akasema "lala salama, ndugu yangu", na kabla mvua haijapungua alikuwa anakoroma. Alikoroma kwa sauti nene, kama mzee. Placidia alisikiliza mkoromo ule akapata raha kidogo: hili Melkiory halijui.

Lakini usingizi haukumjia. Akateremka, akapapasa mpaka sebuleni, akakaa sakafuni kando ya mkeka.

"Umelala?"

"Bado."

"Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Habari za kamba."

"Si umeisikia leo, na watu mia."

"Niambie mimi. Anza pale mwanzo. Usiniambie kama ulivyowaambia wazee. Niambie kama ulivyomwambia yeye."

Alijigeuza kwenye mkeka, Placidia akadhani amekataa. Kisha Melkiory akaanza. Alianza na asubuhi uzi wa nailoni ulipokatika, akataja maduka yote aliyopita, hata la Kayanga. Alimwambia jinsi alivyosokota kamba ile ameketi kwenye tofali, anajisifu moyoni kwamba mikono yake bado inakumbuka kazi ya baba. Alimwambia rangi ya kamba ilipolowa, na kwamba aliiona imekolea, akaiona kabisa, akasema haidhuru. Hilo la kusema haidhuru hakuwaambia wazee. Placidia akamuuliza kama alimwambia Kokwijuka. Akasema hapana, hilo hakumwambia mtu.

"Rudia," Placidia akasema.

"Niliiona imelowa. Nikasema haidhuru."

Aliendelea, sauti ikishuka, mpaka siku ya jua na dirisha la nne. Placidia alingoja afike kwenye ngazi, kidato cha tatu. Alikuwa amesogea karibu, mkono wake uko tayari. Lakini Melkiory alifika kwenye fundo la mwisho la kamba, akasema "basi nikavuta, nikaona", akatulia, na pumzi yake ikawa ndefu. Alikuwa amechoka, tangu alfajiri alikuwa kwa miguu. Placidia alimwita jina mara moja, hakuitika. Akamgusa shavu, lilikuwa kavu.

Alikaa hapo kidogo. Kisha akarudi chumbani. Kokwijuka alikuwa amejiviringisha blanketi lote kama mtoto. Placidia akashika ncha, akavuta, akavuta tena, mpaka sehemu kubwa ikawa upande wake na mguu mmoja wa mjane ukabaki nje kwenye baridi. Akaungoja mguu ule ujikunje wenyewe. Ulipojikunja, akageukia ukutani, akalala.